Mitungi sita ya chuma: shajara ya masika

5 Aprili

Mvua imeshika, wageni wamekatika, na ndiyo mara ya kwanza tangu Desemba napata nafasi ya kuigusa ile mitungi sita ya hewa ya kuzamia iliyolala nyuma ya chumba cha kompresa. Tuliinunua mimi na ami yangu kwa mtu aliyekuwa anafunga kazi yake ya kuwapeleka watalii kuzamia huku kaskazini ya Unguja. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna hata mmoja uliopimwa presha ndani ya miaka mitano iliyopita, na mmoja mhuri wake wa mwisho ni wa 2013.

Nimejiwekea sharti. Kabla ya Julai kila mtungi uwe umepimwa, umegongwa mhuri na umejazwa, au uwe umekatwa vipande viwili. Sitaki uliobaki katikati. Mtungi wa katikati ndio wa kuogopwa, maana siku wageni wakiwa wengi kijana atakwenda kuuchukua kule nyuma, ataufuta vumbi na kuufunga kwenye bomba la kujazia.

Mitano ni ya Ulaya, ya lita 12. Begani imegongwa nambari, uzito mtupu, mwezi na mwaka, unene wa chini wa ukuta 4.3 mm, presha ya kazi bar 232, presha ya jaribio bar 348 (mara moja na nusu ya ile ya kazi), na nyuzi za shingo M25x2, yaani kipenyo milimita 25 na hatua ya uzi milimita 2. Wa sita ni wa Marekani. Begani umeandikwa DOT-3AA2250, yaani ni wa chuma wa aina ya 3AA kwa kanuni za Marekani na presha yake ya kazi ni psi 2250, kama bar 155, na mwaka wake wa kwanza ni 1974. Zinki imechubuka, na mahali pa mkanda pana alama nyeusi kama kidonda kilichopona. Nimeipa yote namba kwa rangi nyeupe, 1 hadi 6.

Ami alipita jioni. Ujanani alizamia majongoo bahari kwa mitungi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuchungulia ndani yake, na wenzake wawili anaowataja hawatembei vizuri mpaka leo, ingawa hayo ni ya kupanda haraka kutoka chini ya maji, si ya mitungi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Huu wa Kimarekani ungeutupa tu. Mzee kuliko wewe."

Huu wa 5 ameusifu. Umepakwa rangi ya njano safi, unang'aa.

8 Aprili

Leo kumwaga hewa na kufungua. Hewa nimeitoa polepole, valvu imefunguliwa kidogo tu, kila mtungi karibu saa nzima. Ukiimwaga kwa pupa mtungi unapoa hadi unatoa jasho, na unyevu huo huo ndio adui ninayemfukuza.

Kwanza viatu vya plastiki vya kitako. Hapa ndipo chuma cha nje kinapoanza kufa, maana maji ya chumvi yakishaingia kati ya kiatu na kitako hayatoki, hata uoshe mtungi kila siku. Namba 1 na 4 zina doa jepesi tu. Namba 2 ina pete ya kutu inayotoka kwa brashi.

Namba 3 nilipoigeuza juu chini baada ya kutoa valvu ilitoka chai. Kusema kweli ilikuwa kama nusu glasi ya maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye chembe nyeusi. Nimeonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Hewa iliyotoka kabla yake ilikuwa na harufu ya chuma. Mtu asiyejua atasema ni harufu tu, lakini kutu haijitengenezi bure, inakula oksijeni iliyomo ndani ya mtungi. Mtungi wa chuma wenye maji ya bahari ukikaa na hewa kwa miezi mingi, kinachobaki humo kinaweza kuwa hewa isiyotosha kumweka mtu macho. Mtu huvuta bila kuhisi kukosa chochote, kisha huzimika.

Maji haya huingia kwa njia mbili ninazozijua. Mzamiaji anaumaliza mtungi kabisa chini ya maji, presha ya ndani inalingana na ya nje, na bahari inaingia. Au mjazaji anafunga bomba juu ya mdomo wa valvu wenye matone, na hewa ya bar 200 inayasukuma ndani. Tone moja kila siku, msimu mzima. Ndiyo maana vijana nawaambia wafungue valvu nukta moja iteme kwanza, kisha wafunge bomba, na ndiyo maana mtungi urudi juu na bar 50, si sifuri.

Bado 8 Aprili, usiku

Namba 6 imenikosesha usingizi, kwa hiyo naiandika kabla sijalala.

Niliibana kwenye jiliwa lenye ngozi, nikaweka spana, nikategemea ukaidi. Ikalegea kwa mkono mmoja. Baada ya mizunguko miwili valvu ikaanza kucheza kushoto na kulia kama jino bovu. Nikaitoa, nikaiweka kwenye mwanga: imeandikwa M25x2.

Shingo ya mtungi wa 1974 si M25. Ni robo tatu ya inchi kwa vipimo vya mabomba, ambavyo ni jina tu na si upana halisi, nyuzi 14 kwa inchi. Tundu lake ni pana kuliko valvu hii kwa zaidi ya milimita moja, na hatua ya uzi mmoja ni 1.8 mm badala ya 2. Kwa hiyo valvu inaingia, inazunguka, inakaza oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, juu ya shingo, na haivuji. Mjazaji anaona kila kitu kiko sawa. Kumbe imeshikiliwa na ncha za nyuzi chache tu. Kwa presha ya bar 155 juu ya duara la milimita 25, nimepiga hesabu mara mbili: inasukumwa juu kwa nguvu ya uzito wa karibu kilo 770. Valvu za namna hii zimeshawahi kuruka duniani na kuua waliosimama juu yake.

Nyuzi za valvu zimesagika upande mmoja, shaba imekuwa unga. Ina maana mtungi huu ulijazwa hivi hivi, si mara moja. Mtu alisimama nao, akaubeba kwenye boti na watu.

Nimeipiga valvu hiyo nyundo mpaka haiwezi kuingia popote, nikaenda kulala.

12 Aprili

Mashine ya kusagia kutu ya ndani imekamilika. Mabomba mawili ya chuma yaliyovikwa mpira wa tairi ya baiskeli, mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, na mkanda. Mtungi unalala juu yake na kuzunguka, ndani una kokoto ngumu za aluminiamu oksaidi zilizojaa kiasi cha nusu. Saa sita kila mtungi. Sauti yake ni kama mvua ya mawe juu ya bati, na jirani amenivumilia kwa sababu mvua yenyewe inapiga kelele zaidi.

Kisha kamera ya waya. Namba 1, 2, 4 na 5 zimetoka kijivu safi ndani, na makovu mepesi yasiyoshika ukucha. Namba 6 imenishangaza, ndani yake ni laini kama sufuria mpya. Aliyekuwa nayo mwanzo alikuwa mtu wa hewa kavu.

Namba 3 haitakwenda Dar kupimwa presha na mingine. Maji yalikaa mahali pamoja mtungi ukiwa umesimama, na pembezoni mwa kitako yamechimba duara la vishimo vilivyoshikana mpaka vimekuwa mfereji. Kishimo kimoja peke yake kinapimika na kusameheka kama ukuta uliobaki unatosha. Mfereji hausamehewi, kwa sababu nguvu yote inakusanyika kwenye mstari huo, na hapo ndipo chuma kinapopasuka.

16 Aprili

Mitungi mitano imevuka kwa boti ya mizigo kutoka bandari ya Malindi, hapa Unguja, kwenda Dar. Yote mitupu, vizibo vya plastiki shingoni ili kila mtu aone hakuna kitu ndani. Mpakizi alitaka kuilaza juu ya saruji, nikamwomba nafasi penye magunia, akanipa. Bahari mbaya. Nimefika Dar nimelowa, mitungi mikavu.

Karakana ya kupimia iko nyuma ya eneo la viwanda. Kazi yao kubwa ni mitungi ya kuzimia moto na ya oksijeni ya hospitali, lakini fundi mkuu anaijua ya kuzamia. Ameipokea, akasoma mabega yote kwa kidole kabla hajaniuliza lolote. Kisha akaijaza maji yote mitano na kuiacha ndani ya karakana ilale.

"Tutapima kesho," akasema. "Leo maji yako na maji yangu hayajuani."

Sikumwelewa.

17 Aprili

Watu wengi huuliza kwa nini maji na si hewa, kwa kuwa mtungi ni wa hewa. Hewa inabanwa, na inayobanwa inahifadhi nguvu. Lita 12 za hewa kwenye bar 200 zikiachiliwa ghafla zina nguvu zaidi ya mara mia moja ya lita hizo hizo za maji kwenye bar 348. Maji hayabanwi sana. Mtungi ukipasuka ukiwa na maji, presha inakufa papo hapo, na unachosikia ni kishindo na mlio wa maji.

Mashine yenyewe ni koti la maji: pipa nene la chuma lenye kifuniko cha kukaza, limejaa maji, na mtungi unateremshwa ndani ukiwa na maji yake. Kuna maji ndani ya mtungi na maji nje yake, na hayakutani. Pampu inasukuma maji ndani, mtungi unavimba, na uvimbe huo unayasukuma maji ya koti kupanda kwenye bomba la kioo lenye vipimo. Unausoma uvimbe wa chuma kwa jicho, sentimita za ujazo moja moja.

Ndipo nilipoelewa neno la jana. Maji ya koti yakipata joto nyuzi moja tu yanatanuka zaidi ya sentimita za ujazo kumi, na sisi tunatafuta kitu kisichofika mbili. Kwa hiyo maji ya mtungi, maji ya koti na hewa ya karakana lazima vilale pamoja usiku kucha.

Asubuhi kabla ya kazi fundi alipima kwanza mtungi wa kiigizo, ambao mtanuko wake unajulikana na haubadiliki. Mashine ikisoma nje ya asilimia 1 ya kile kinachojulikana, siku hiyo hapimi mtu.

Namba 1 ikaingia. Geji ilipanda, 100, 200, 300, 348. Fundi akafunga pampu, akaitazama saa. Nusu dakika si kitu, lakini mkono wangu ulikuwa juu ya meza na nilihisi kila sekunde. Kioo kilisimama 64.2. Akaachia presha. Maji yakashuka, yakashuka, yakatulia kwenye 0.9.

Hesabu ndiyo hiyo tu. 64.2 ni mtanuko wote; 0.9 ni ule wa kudumu, sehemu ambayo chuma hakikurudi. Gawa, unapata asilimia 1.4. Kanuni za Marekani zinaukataa mtungi wa aina ya 3AA ukizidi 10. Fundi huyu anakataa ukizidi 5 na hajali nani analia.

Namba 2 ilileta fujo. Kwenye bar 290 muhuri wa shingo ulianza kuvuja, sindano ya geji ikatetemeka na kurudi. Fundi akaiachia presha yote, akatazama daftari, akatulia.

"Tumepona," akasema. "Haikufika 313."

Asilimia 90 ya 348 ni 313. Ukishauvuka mpaka huo kabla ya jaribio lenyewe, chuma kinaweza kuwa kimeshanyooka kile cha kunyooka, na ukirudia kitaonekana kizima kuliko kilivyo. Jaribio la pili linakuwa ushahidi wa uongo. Akabadili muhuri, akarudia: 64.9, na 1.3. Asilimia 2. Namba 4: 63.8, na 0.6. Haifiki asilimia 1.

Kisha namba 5, ile ya njano.

Maji yalipanda kwa mwendo mwingine. Nilikuwa nimeshazoea yanapoanza kuwa mazito, haya hayakuwa mazito. 60, 65, 70. Yakasimama 75.7. Presha ilipoachiwa yalibaki 5.6.

Asilimia 7.4.

Nakiri nilimbembeleza. Nilimwambia kwa Wamarekani umefaulu. Hakunijibu kwa maneno. Aliandika kwenye kipande cha boksi: 75.7 toa 5.6, ni 70.1. Chini yake akaandika ya namba 1: 64.2 toa 0.9, ni 63.3. Akanisogezea. Mtungi wa lita zile zile, aina ile ile, presha ile ile, na bado sehemu inayorudi imezidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Chuma chenyewe hakilegei hivyo. Kilichopungua ni unene.

Akachukua kipimo cha mawimbi ya sauti, akapaka mafuta kidogo ubavuni, akakipitisha. 4.1. 4.1. 4.2. Chini kidogo ya katikati, 3.9. Begani pamegongwa 4.3. Namba 1 ubavuni ni 4.6. Akakwangua rangi ya njano kwa ncha ya kisu: chini yake kuna mistari ya mashine ya kusagia, mingi, inayofuatana, na mahali pengine kipako cha kujazia kilicholainishwa kwa msasa. Mtu alikuwa na mtungi uliooza nje, akauchonga mpaka ukang'aa, akaupaka rangi.

Sikubembeleza tena.

Namba 6 ilipimwa mwisho, kwa presha yake, psi 3750, kama bar 259. Fundi kwanza aliingiza geji ya nyuzi shingoni, maana nilimweleza habari ya valvu. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Nyuzi za shingo zimesalimika. Mtanuko wote 58.4, wa kudumu 0.7. Asilimia 1.2, kwa mtungi uliopigiwa mhuri wake wa kwanza mwaka 1974.

Kulikuwa na alama ya kujumlisha karibu na mhuri wake wa zamani, inayoruhusu kujaza asilimia 10 zaidi. Hakuirudisha, na mimi sikuiomba. Alama hiyo haigongwi kwa sababu mtungi umefaulu tu, lazima mtanuko unaorudi ulinganishwe na kikomo cha mtungi wa aina hiyo, na hilo halikufanyika. Itajazwa bar 155.

Alivyogonga mihuri nilisimama pembeni. Nyundo moja kwa kila herufi, begani tu, kamwe si ubavuni.

23 Aprili

Nyumbani. Fundi alikuwa ameikausha kwa hewa ya moto, lakini nilivuka katika mvua na kizibo cha namba 2 kilichomoka njiani. Kamera imeonyesha utando wa rangi ya chungwa kwenye nusu ya chini. Siku mbili tu! Chuma kitupu kilichotoka kuoshwa hakina ngozi, na hewa ya masika ni maji yanayotembea.

Utando huu si kishimo, unatoka. Saa moja kwenye mashine ya kusagia, kisha kuosha kwa maji ya moto kiasi cha kutoshikika, ili mtungi wenyewe upate joto. Nikaugeuza juu chini papo hapo, nikapitisha bomba jembamba la shaba hadi kitakoni, na kupuliza hewa kutoka kwenye kompresa baada ya chujio, maana hewa iliyokwisha kubanwa na kuchujwa ndiyo kavu kuliko yoyote kisiwani mwezi huu. Dakika kumi na tano. Nilipoweka kioo kidogo mdomoni hakikupata ukungu. Valvu ikafungwa hapo hapo, mtungi ukiwa bado vuguvugu. Mingine mitatu nimeirudia vile vile, ingawa ilikuwa misafi.

28 Aprili

Valvu za namba 1, 2 na 4 zimefunguliwa, zimeoshwa, zimepata oringi mpya. Ya namba 6 ni mpya, robo tatu, na nilipima nyuzi kwa kalipa mara tatu kabla haijagusa shingo. Iliingia kwa vidole mpaka mwisho bila kucheza.

Kujaza: bar 50, povu la sabuni shingoni. Bar 100, povu tena. Kisha polepole hadi mwisho, nikishika ubavu kwa kiganja. Ukishindwa kuushikilia kwa joto, punguza mwendo. Kesho yake zilikuwa zimeshuka kidogo kwa kupoa tu. Namba 1 mizani imeonyesha karibu kilo tatu zaidi ya jana. Hewa ina uzito, na vijana hawakuamini mpaka walipouona.

4 Mei

Leo nimekata namba 3 na namba 5 kwa msumeno wa umeme, kutoka shingoni hadi kitakoni, baada ya kuzijaza maji na kuzimwaga. Nusu moja ya namba 3 nimeitundika ukutani karibu na bomba la kujazia, ndani yake ikitazama nje. Ami alipitisha kidole gumba kwenye ule mfereji, taratibu, kuuzunguka wote.

"Tulikuwa tunavuta hii," akasema.

Nusu ya namba 5 iko chini yake, imekatwa rangi ikiwa bado juu.

10 Mei

Mvua imepumzika asubuhi. Ami ameomba namba 6 mwenyewe. Ametoa kilo mbili kwenye mkanda wake wa uzito wa madini ya risasi, kwa sababu mtungi wa chuma hauelei mwisho wa mbizo kama wa aluminiamu. Mita 9, dakika 38, amerudi na bar 60. Alikaa ukingoni mwa ngalawa na regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa, mkononi muda mrefu kabla hajaongea.

"Haina ladha," akasema. "Hewa yake haina ladha yoyote."

Nimeandika kwenye ubao: namba 6, bar 155 tu, isizidi. Ukaguzi wa ndani Aprili ijayo.